Mkate wa Wishwa: Maswali Yenu Kuhusu Kudokeza Kwenye Simulizi

Mwezi uliopita niligusia hapa kidogo tu kuhusu simulizi zinazoisha vibaya, nikasema mara nyingi ubovu wa mwisho hauko mwishoni, uko huko sehemu ya pili au ya tatu mwandishi alikopita haraka haraka. Basi meseji zimemiminika, Area C, Kondoa, Manyoni, Mpwapwa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mwandishi anamdokezaje msomaji jambo linalokuja bila kumwambia? Nimechagua tano. Nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana nipo Chang'ombe hapa hapa Dodoma, natunga simulizi naziposti kwenye grupu la WhatsApp. Ya mwisho ilifika sehemu ya 22. Ni mama mjane kaachiwa shamba la zabibu, alafu usiku mmoja nyumba inaungua na karatasi za shamba zinaungua humo humo, mwishoni inajulikana aliyechoma ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Watu walinisema sana, eti shemeji nimemchomeka tu maana nimemtaja mara ya kwanza sehemu ya 19. Nikaandika upya nikamuweka mapema, nikamfanya ana jicho baya na anacheka cheka hovyo, sasa wakaniambia sehemu ya 3 tu "mchomaji tumeshamjua". Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Yaani we umepita pande zote mbili za shimo, mara ya kwanza umemficha mtu kabisa, mara ya pili umemvisha kengele. Wasomaji wako walikuwa sahihi mara zote mbili na nakuomba uendelee kukaa na hilo grupu, ni watu wanaosoma kwa makini.

Sasa sikiliza. Wengi wanadhani dokezo kazi yake ni kumfanya msomaji abashiri. Hapana, kazi yake ni kumfanya arudi nyuma. Siku moto umewaka, siku shemeji kajulikana, msomaji akili yake inakimbia yenyewe kwenda sehemu ya 2 kutafuta, na pale lazima akute kitu. Akikuta hamna kitu anaona umemdanganya. Akikuta kitu ambacho alikipita kwa macho yake mwenyewe anajishika kichwa, anasema loh, si nilisoma hapa! Huo mshtuko wa "nilisoma hapa" ndo utamu wenyewe na ndo kinachomfanya mtu amtumie mwenzake simulizi yako saa sita za usiku.

Tuchukue hiyo hiyo stori yako. Mlete shemeji sehemu ya 2, msibani, na umfanye mtu mzuri, yaani mzuri kweli kweli. Yeye ndo anahangaika na maturubai, ndo anawalipa wapishi, ndo anabeba viti vya kukodi mgongoni jua la saa nane. Siku ya tatu anamfata mjane jikoni, anainama, anamwambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, zile karatasi za shamba ziweke pazuri, nyumba hii ina mchwa." Mjane anafuta machozi anajibu, "Ziko kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda."

Umeona hiyo? Nani wa Dodoma asiyejua mchwa? Mchwa wanakula mlango, wanakula daftari la mtoto. Kwahiyo msomaji anaiona ni huruma, na sentensi inafanya kazi yake ya siku hiyo, inaonyesha shemeji anajali na inaonyesha mjane hana nguvu hata ya kufikiria mambo ya karatasi. Lakini chini chini imeshafanya kazi ya pili, shemeji keshajua zilipo. Hii ndo sheria moja ninayoishikilia sana: dokezo liwe na kazi halali pale pale lilipo. Sentensi ambayo ipo kwa ajili ya kudokeza tu, msomaji ataisikia inalia kama ndoo tupu.

Alafu dokezo la pili uliweke mbali, tuseme sehemu ya 9. Na hapa tumia zabibu, maana una shamba la zabibu alafu kwenye sehemu zote 22 ulizonitumia hujawahi kuniingiza shambani hata mara moja. We unajua, zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari na Machi hivi, alafu tena Agosti na Septemba, na baada ya kuvuna lazima mtu apogoe matawi ili mzabibu utoe mapya. Basi mjane anafika shambani asubuhi anakuta vijana wanapogoa. Anauliza nani kawatuma, wanamwambia shemeji yako, na keshatulipa. Mjane anashukuru mpaka analia. Hamna mtu atakayeshtuka, maana ni msaada. Ila mtu anayepogoa anahesabu mavuno yajayo, na msomaji akirudi baada ya moto atajiuliza mwenyewe huyu bwana alikuwa anahesabu mavuno ya nani. We usimuulize, muache ajiulize.

Mawili yanakutosha kwa sehemu 22. Ukiongeza la tatu na la nne, shemeji kaonekana ananunua mafuta ya taa, shemeji kaonekana na kibiriti, umerudi kulekule kwenye jicho baya.

Sasa umeniuliza pia (nimekata hiyo sehemu ya meseji ilikuwa ndefu) unalificha wapi dokezo lisionekane. Hapo nakupeleka mbali kidogo, kule pwani ya kaskazini kwenye habari za Fumo Liyongo. Wengi mmeisikia shuleni, Muhammad Kijumwa aliiandika utenzi mwaka 1913 kutoka kwenye masimulizi ya zamani zaidi. Liyongo kafungwa gerezani na minyororo miguuni. Chakula anapelekewa na kijakazi anaitwa Saada, na askari walinzi kila chakula kizuri wanakila wao. Liyongo anaimba, anamtuma Saada kwa mama yake, mkate uokwe wa wishwa, yaani pumba, na katikati ya mkate iwekwe tupa ya kukatia chuma. Mama anaoka na mikate mizuri pia. Askari wanachukua ile mizuri, ule wa wishwa wanaudharau unamfikia mwenyewe na tupa yake ndani. Alafu anahitaji kukata minyororo bila kusikika, anafanya nini? Anaomba pachezwe ngoma, gungu, na vyombo vinavyolia kweli, na watu wakiwa wamenogewa nje yeye ndani anakata.

Mi nikifundisha darasani nilikuwa nasimama hapo nawaambia wanafunzi, Liyongo katufundisha kuandika. Tupa ilifichwa kwenye kitu ambacho hakuna anayekitaka, na kelele yake ilifichwa chini ya kelele kubwa zaidi. Fanya hivo hivo. Ile sentensi ya mchwa usiiweke mwisho wa sehemu, mwisho wa sehemu pale kabla ya "itaendelea" ndo pana mwanga kuliko kote, kila mtu anakumbuka maneno ya mwisho. Iweke katikati, ndani ya aya ya masufuria na kuni na nani kaleta unga, hiyo ndo wishwa yako. Na mara tu mjane akishamaliza kusema "chini ya kitanda", piga ngoma: getini kaingia mwanamke mgeni hawamjui, kashika mkono wa mtoto wa kiume wa miaka sita, na mtoto kafanana na marehemu. Grupu zima litaondoka na huyo mtoto, wiki nzima wanabishana ni wa nani. Sanduku la bati hakuna anayelikumbuka.

Ila huyo mtoto na mama yake nao uwajibu vizuri mwishoni, wasiwe wamekuja kupiga kelele tu. Nitarudi kwenye hilo chini huko.

Mwalimu mambo, mi nafundisha sekondari Mpwapwa, wanafunzi wangu wanachanganya dokezo, taharuki, sadfa na mbinu rejeshi, na vitabu navyo kila kimoja kina jina lake. Naomba utunyooshee.

Poa mwalimu mwenzangu. Majina kweli yanasumbua, kuna vitabu utakuta vimeandika kiangaza mbele, kuna vinavyosema kisengere mbele, mi nasema dokezo kwa sababu mwanafunzi analielewa bila kamusi.

Waambie hivi. Taharuki ni hali ya msomaji, ile roho juu juu ya kutaka kujua kinachofuata. Dokezo ni kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa. Dokezo linaweza kuleta taharuki na linaweza lisilete kabisa, ile ya mchwa haikumpa mtu roho juu. Mbinu rejeshi inakupeleka nyuma ya wakati wa hadithi waziwazi, unajua umerudishwa, dokezo halikupeleki popote we bado upo msibani na masufuria. Na sadfa ni pale mambo yanapokutana kwa bahati, mtu anatafutwa mji mzima alafu anapanda daladala na kaka yake aliyepotea kakaa siti ya mbele. Mara nyingi sadfa mbaya ni dokezo lililosahauliwa. Mwambie mwanafunzi aweke huko mwanzo kwamba yule kaka anapendaga kusafiri na hiyo njia kwa sababu fulani, sadfa inaisha nguvu inakuwa jambo lenye chanzo.

Na kuna kingine wanachanganya, msimulizi anayesema mwanzoni kabisa "huyu kijana atakufa kabla mavuno hayajaingia". Huyo hajadokeza, katangaza. Sio kosa lakini. Shakespeare kwenye Romeo and Juliet anaanza kwa kuwaambia watazamaji kabisa kwamba hawa wapenzi wawili watakufa, na watu wamekaa kuangalia zaidi ya miaka 400 sasa. Hapo hamu inahama, hawaulizi tena itakuwaje, wanauliza tumefikaje huku. Ni njia ngumu na mtoto wa kidato cha pili asianze nayo.

Habari mwalimu. Mimi ni mzee wa Manyoni nimestaafu reli. Wajukuu wangu wanasema hii mbinu imetoka kwa wazungu. Mi nakumbuka bibi yangu akisimulia usiku kwenye moto kuna mambo anayataja mwanzo na yanakuja kurudi. Je ni kitu hicho hicho?

Shikamoo mzee wangu. Ni hicho hicho kabisa na wewe ndo umesema kweli, wajukuu waambie wakae chini.

Angalia ngano zetu zilivyo. Binti anaolewa mbali, mume anampa funguo za vyumba vyote anamwambia chumba kimoja tu usifungue. Pale pale kila mtoto aliyekaa kwenye moto anajua kitafunguliwa. Mwiko kwenye ngano ni dokezo, tena la wazi kuliko yote, na halina haja ya kufichwa kwa sababu raha ya mtoto ni kusubiri. Na nyimbo! Bibi anaimba kawimbo kafupi mwanzo mtoto anapopotea porini, watoto wanaitikia kama mchezo tu, alafu mwisho kale kawimbo ndo kanamfanya mama amtambue mwanae. Watoto wenyewe wamekaimba mara tano bila kujua wanabeba ufunguo mdomoni. Nikikumbuka hiyo, mzee wangu, mwili unanisisimka mpaka leo.

Pia kuna majina. Shaaban Robert kwenye Kusadikika, kitabu cha 1951, waziri anayemshtaki Karama, mhusika mkuu, anaitwa Majivuno, na ukishasikia jina unajua utegemee nini. Hii ya majina kwa simulizi za siku hizi naiogopa kidogo, ukimuita mhusika Mabaya umemaliza hadithi, lakini kwenye hadithi za mafumbo kama zile inakaa vizuri kwa sababu pale hatusubiri kujua nani mbaya, tunasubiri kusikia Karama atajibu nini.

Alafu kuna kitu tunacho sisi na wengi hawakitumii, nacho ni kanga. Maandishi ya kanga yanaongea na yanasomwa na kila mtu aliyepo. Ile "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" mnaijua. Ukimvalisha mama hiyo kanga anapanda basi la kwenda Singida, kila msomaji ameshajua basi halifiki. Lakini mvalishe sehemu ya kwanza nyumbani, anambebea mtoto mgongoni, anachochea moto, mtoto mkubwa anajifunza kusoma herufi kwenye mgongo wa mama yake, anasoma "a-bi-ri-a", anakosea "dereva", mama anamrekebisha anacheka. Basi lije baadaye sana. Na siku basi limekuja usiitaje kanga, huyo mtoto atakuwa kashaisoma kwa niaba yetu sote.

Ila kuna mambo naomba tuyapumzishe jamani. Bundi kulia juu ya paa, glasi kuanguka yenyewe, ndoto ya jino kung'oka, wingu jeusi kutanda ghafla. Zamani yalifanya kazi, sasa hivi yameshikwa na mikono mingi mno, msomaji akimuona bundi anahesabu tu nani anakufa. Kama unataka ishara ya kwetu angalia kinachotokea kweli. Mbuyu unatoa majani mvua haijaanza bado, ardhi imekauka inapasuka alafu mti kijani. Mzee wa Mvumi akipita hapo anajua ajiandae na jembe. Mgeni kutoka Dar anapita anapiga picha ya mti. Wote wameona kitu kimoja. Simulizi nzuri iko hivo, kuna msomaji mmoja kati ya kumi atakayesoma mchwa akasimama, na huyo umuache afurahie peke yake, usibadilishe hadithi kwa sababu mtu mmoja kaona.

Mambo mwalimu, mi na wenzangu Kondoa tunarekodi filamu fupi kwa simu. Kwenye picha inakuwaje? Na je tunaruhusiwa kuweka dokezo la uongo ili tuwapoteze watu?

Kwenye picha mna bahati kubwa, kitu kinaweza kukaa nyuma ya mtu anayeongea na hakuna aliyekitaja. Panga limeegemea ukuta, mtu anaongelea ada ya mtoto. Kosa ninaloliona sana ni kamera kulisogelea panga na muziki kupanda, hapo mmeshasema. Muache lionekane sekunde tatu kwa mbali, mhusika alitumie kwa kazi ya kawaida, akate muwa, arudishe pale pale.

Mwandishi wa Urusi Anton Chekhov, alikuwa daktari pia, mwaka 1889 aliandika kwenye barua kwamba usiweke bunduki yenye risasi jukwaani kama hakuna mtu anayefikiria kuifyatua. Watu wanaichukulia kama amri ya bunduki, mi naichukulia kama deni. Ukimuonyesha mtazamaji kitu kwa uzito, umekopa umakini wake, na lazima urudishe.

Ndo maana kwa dokezo la uongo jibu langu ni ndiyo mnaruhusiwa, ila nalo ni deni. Narudi kwa yule mwanamke mgeni na mtoto kule msibani. Tumemtumia kama ngoma ya kufunika mchwa, sawa, lakini lazima awe na ukweli wake. Labda mtoto ni wa marehemu kweli na mjane anakuja kuishi naye, na baada ya moto huyo mtoto ndo anakumbuka alisikia nini jikoni siku ile, maana watoto wanasimama milangoni na hakuna anayewahesabu. Umeona ilivyogeuka? Kelele imekuwa shahidi. Nikiwa naandika jibu la yule kijana wa Chang'ombe sikuwa na hilo wazo, limekuja nikifikiria swali lenu, na kuandika ndo kulivyo, nusu ya madokezo mazuri huyapangi, unafika mwisho unageuka nyuma unakuta umeshaacha vitu njiani, kazi yako inabaki kuvichagua na kuvifuta vile visivyorudi. Kwahiyo msiogope kupiga picha ya mwisho kwanza alafu mkarudi kutengeneza mwanzo.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46 nipo Bahi. Mume wangu alifariki mwaka jana ghafla tu, alikuwa anaumwa presha na sisi tulikuwa hatujui. Nimeanza kuandika habari zake kwenye daftari kwa ajili ya watoto maana mdogo ana miaka minne hatamkumbuka. Wiki ile kabla hajafa alipanda juu ya nyumba akabadilisha bati la kwenye kona ya sebule, lilikuwa linavuja miaka na miaka tukawa tunakinga na beseni tu. Ilikuwa Agosti, jua kali, mvua hata dalili hamna, nikamuuliza mbona mapema yote hiyo, akasema nimepata nafasi tu. Msibani kila mtu alikuwa anasema kumbe alikuwa anaaga. Sasa kila nikifika kwenye bati kalamu inakataa. Nikiandika alikuwa anaaga naona nadanganya, nikiacha naona nimemnyima kitu. Wewe unafundisha mambo ya dokezo, niambie, ilikuwa dokezo au lilikuwa bati tu?

Pole sana dada yangu. Nimeisoma meseji yako mara nyingi na nimeichelewesha wiki tatu nikitafuta jibu la kweli.

Baba yangu mimi alifariki tukiwa kijijini upande wa Kongwa. Jumapili yake ya mwisho alinichukua tukaenda zizini, akahesabu mbuzi mmoja mmoja, huyu wa nani, huyu kazaa lini, huyu usimuuze. Alipofariki Jumatano nami nilisema hayo hayo, kumbe alikuwa ananikabidhi. Niliishi na hiyo miaka mingi na ilinisaidia. Alafu siku moja mama akaniambia, kwa upole tu, tunachambua mboga, baba yako alihesabu mbuzi kila Jumapili tangu nimeolewa. Kila Jumapili, na mara nyingi alikuwa na mmoja wenu. Ni ile moja tu mnayoikumbuka.

Sikuchukia. Nilielewa kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nakifundisha. Ile Jumapili haikuwa na alama yoyote siku ile, alama iliwekwa na Jumatano. Dokezo halikai kwenye kitu chenyewe, linatokea kwenye macho ya anayegeuka nyuma akiwa ameshajua mwisho. Mwandishi wa hadithi anajua mwisho kabla hajaanza kwahiyo anaweza kumpandisha mtu juu ya bati makusudi. Mume wako hakuujua mwisho. Alipanda kwa sababu bati lilikuwa bovu na alikuwa na nafasi. Na watu wa msibani nao hawakudanganya, walikuwa wanasoma kinyumenyume kama mtu yeyote aliyepigwa na jambo kubwa.

Kwahiyo kwenye lile daftari huna haja ya kuchagua. Liandike bati, na liandike kwa marefu kuliko unavyodhani linastahili. Andika ni Agosti. Andika alipandia nini, ngazi ya jirani au meza, misumari aliishika wapi, mdomoni au mfukoni, nani alikuwa anamshikia chini, watoto walikuwa wapi, bati la zamani alilitupa wapi au alilizibia banda la kuku. Andika swali lako na jibu lake vile vile lilivyokuwa, nimepata nafasi tu, hayo maneno matatu usiyaongeze chumvi yana uzito wake. Alafu usiandike kumbe. Neno kumbe liache kabisa, halihitajiki, mtoto wako wa miaka minne atakapokuja kusoma ana miaka kumi na tano atakuwa anajua mwisho kabla hajafungua daftari, ataliona bati mwenyewe kwa macho yake na atalibeba anavyotaka yeye. Hujamdanganya na hujamnyima.

Baada ya hapo ruka, nenda kwenye habari za msiba kama zilivyokuja, usilitaje tena bati. Mpaka ufike Desemba. Andika mvua ya kwanza ilivyonyesha, ilikuja usiku au mchana, mlikuwa mmekaa wapi. Na lile beseni mlilokuwa mnakingia pale kwenye kona, andika siku hizi liko wapi.